Sindano ya Mama Mkwe

Watu wa Malaba huniita daktari, nami huitika. Sikusomea udaktari chuoni. Nilianza kwa kufagia dispensari ya misheni, nikapanda nikawa dresa wa kufunga vidonda, na yaliyobaki nilijifunza mwenyewe katika vitabu vilivyoachwa na wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Kwa hiyo nina woga ambao daktari wa kweli hana. Yeye akikosea, watu watasema amekosea. Mimi nikikosea, watasema walijua tangu mwanzo. Ndiyo maana mimi huacha sindano kwenye maji yanayochemka hata baada ya muda wake kupita, na mgonjwa akishafika mlangoni na vidonge vyake mimi humwita arudi nivihesabu tena. Wagonjwa wengine huniona mchoyo. Wengine huniona kichaa kidogo.

Katika kazi hii mtu huziona ndoa za wengine bila kualikwa. Mkulima mmoja wa Bukhayo aliwahi kumleta mkewe, akasimama mbele yake kama askari wa geti.

"Mama, unaumwa wapi?" nikamuuliza mwanamke.

"Tumbo," akajibu mume.

"Linauma namna gani, mama?"

"Linakata," akasema mume.

Nikamuuliza kama tumbo hilo ni lake.

"Boss, ng'ombe zilitoka kwangu," akasema. "Tumbo la nani tena?"

Foleni nzima ikacheka, na mke naye akacheka. Mimi sikucheka. Niliwadharau wanaume kama hao, na niliwadharau zaidi madereva wa malori waliokuja kuchomwa sindano ya kisonono wakiniomba nisiseme kitu, kisha wakenda zao Nakuru kwa wake zao. Jioni nilifunga dispensari nikijiambia kwamba nyumbani kwangu hakuna kofi wala uongo. Nilirudi kwangu nikijiona msafi kama ile sindano yangu.

Mimi ni Mteso. Mke wangu ni wa Bukhayo, na tulioana miaka michache tu baada ya uhuru. Mimi sijui Kiluhya cha kutosha, yeye hajui Kiteso, basi ndani ya nyumba tuliongea Kiswahili. Alipokuja kwangu alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kuacha vitu popote: kisu juu ya kiti, sabuni chini ya kitanda, mtungi wa maji bila kifuniko. Nikaanza kumfundisha. Sikumpigia kelele hata siku moja. Niliongea polepole, kama mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa. Kikombe hakishikwi hivyo, vidole vinaingia ndani. Kitambaa cha meza si cha mikono. Sema tena nilivyosema, nijue umeelewa. Yeye alikuwa akijibu, "Sawa, daktari," na mwanzoni neno hilo lilikuwa mzaha wetu. Sijui liliacha kuwa mzaha lini, maana siku hiyo sikuiona ikipita.

Mama yake, mama mkwe wangu, hakuyajua hayo, na asingeweza kuyajua. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawaonani wakila. Kwao Bukhayo ni hivyo hivyo, pengine na zaidi. Alikuwa mjane aliyenunua samaki wakavu Osieko na kuwauza sokoni Bumala, mwanamke mwenye ulimi, wateja wake walisema. Mimi nilimjua kwa mgongo tu. Tukikaribia kukutana njiani Busia, yeye aliingia kibanda kilichokuwa karibu, nami niligeuka kama niliyesahau kitu. Nyumbani kwangu hakuwahi kukanyaga. Habari zangu alizipata kwa binti yake, na binti yake alimwambia ameolewa na daktari.

Masika moja jembe lilimkata kisigino akiwa shambani. Alifunga jeraha kwa kitambaa cha kubebea samaki, akaendelea na biashara. Aliposhindwa kutembea, shemeji yangu alimfunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akamleta Malaba. Kwangu hakuletwa. Aliletwa kwa jirani yangu, mjane wa Kiteso, akalazwa jikoni kwake, kibanda cha udongo hatua chache kutoka mlango wangu.

Mke wangu aliingia kumwona, akatoka macho yamemtoka. Mguu umevimba, akasema, ngozi inang'aa, na kinenani kuna kitu kigumu kama kokwa ya embe. Joto lilikuwa kali. Sikuhitaji kumwona. Nilijua ni penisilini, na nilijua ni leo.

Mtu asiye wa kwetu ataniuliza kwa nini sikuingia nikamchoma. Penisilini ile huchomwa takoni. Mimi nilikuwa siruhusiwi kuona hata mkono wake ukimega ugali. Muuguzi wa kike alikuwa Busia, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua, malori yamelala kwenye tope toka Amukura. Hospitali ya ng'ambo, Tororo, ilikuwa karibu, lakini mama alikataa. Nilimsikia mwenyewe kupitia ukuta, akisema Kiswahili cha sokoni ili nielewe bila kuambiwa.

"Mwambie huyo mtu wako mimi sitakufa Uganda. Na yeye asinikaribie."

"Mama, mguu utaoza," akasema mke wangu.

"Uoze. Nitaenda kwa baba yako na mguu mmoja, lakini na heshima yangu."

Basi nikaamua mke wangu ndiye atakayechoma. Nikamfundisha mezani kwangu kwa paipai bichi. Nilichora msalaba kwa mkaa juu ya paipai, nikamwonyesha zile sehemu nne. Juu, upande wa nje, hapo tu. Ukishuka chini au ukiingia ndani unakuta mshipa mkubwa wa fahamu, na mtu atavuta mguu maisha yake yote. Nimewahi kumwona mtoto anayevuta mguu kwa sababu ya sindano ya mtu aliyekuwa na haraka. Nilimweleza hilo. Nilimweleza pia kwamba ukishaingiza sindano unavuta nyuma kwanza. Ukiona damu, toa, usisukume. Alichoma lile paipai mpaka likatoa utomvu kila upande. Mkono wake ulikuwa mzuri. Sikumwambia.

Siku ya kwanza yeye aliingia jikoni, mimi nikasimama nje nyuma ya ukuta, uso wangu karibu na tundu la moshi lililoko chini ya nyasi za paa. Macho niliyaelekeza kwenye migomba ya jirani. Nilisikia kila kitu.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Sindano umeishika wapi?"

"Huku nyuma."

"Huku nyuma ni wapi? Sema vizuri. Mimi sioni."

"Nyuma, mahali pa kusukuma."

"Kidole kisiguse chuma. Umegusa?"

"Sijagusa."

"Umesita. Kama umegusa rudisha kwenye maji uanze tena."

"Sijagusa, daktari."

"Haya. Gawa mara nne. Juu ni wapi?"

"Juu ni huku kiunoni."

"Na nje?"

Hapo mama mkwe akaingilia. Hakuniambia mimi, maana mimi sikuwepo. Kwa desturi pale nje palikuwa na migomba tu.

"Huyo anaongea na nani?" akamuuliza binti yake.

"Na mimi, mama."

"Kumbe. Nilidhani ameajiri mtumishi."

Jirani yetu akacheka, akajikohoza ili kuficha. Mke wangu akasema, "Ndiyo kazi ilivyo, mama, lala vizuri." Nami nikasema, kwa sauti ile ile ya chupa ya dawa, "Usicheke na sindano mkononi. Nje ni wapi?" Akajibu. Akachoma. Nikamuuliza kama amevuta nyuma, akasema amevuta, nikamwambia arudie hatua zote kwa mdomo toka mwanzo, naye akazirudia huku mama yake akisikiliza.

Nikarudi kazini. Nilimwona mama mkwe akivuta mguu. Nilimwona amekufa na watu wa Bumala wakisema daktari wa kujifundisha amemuua mkwe wake kupitia ukuta. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, siizidishi. Kila jioni ya matibabu nilirudi kwenye ukuta ule na maswali mengi zaidi. Niliuliza juu ya maji, juu ya pamba, juu ya namna alivyokunja kitambaa. Alipojibu sawasawa niliuliza tena kwa njia nyingine, kama mwalimu anayemtilia shaka mtoto aliyefaulu.

Ndani, mama mkwe alikuwa akipata nafuu na maneno yake yalikuwa yakirudi.

"Wakati wa chakula pia huwa hivyo?" akauliza siku moja.

Nilimsikia mke wangu akisogeza sufuria ya maji.

"Nakuuliza wewe. Akikuambia weka ugali, anakuambia na wapi pa kushika mwiko?"

"Mama, ngoja nimalize."

"Malizeni. Mimi ni mgonjwa tu."

Sikufurahi, lakini nilijiambia kwamba mgonjwa anayetania anapona. Na kweli homa ilikuwa imeshuka. Mke wangu aliniambia ngozi imeanza kukunjamana, na ile kokwa ya kinenani imelainika. Usiku huo nililala. Ningepaswa kumshukuru, na neno lilikuwa hapo mdomoni, lakini nilianza na kumuuliza kwa nini taulo lilikuwa juu ya kiti, na lile la shukrani likapitwa na wakati.

Kisha ikaja siku ambayo lori lilipinduka karibu na forodha, nikachelewa kwa ajili ya taniboi, msaidizi wa dereva, aliyevunjika mkono. Nilipofika kwenye ukuta, mke wangu alikuwa ameshachoma.

"Umeshachoma bila mimi?"

"Wakati ulikuwa umefika. Ulisema usipitwe."

"Nieleze."

Akaeleza. Kunawa, maji, pamba, sehemu nne, juu, nje. Akasema ameingiza, amesukuma, ametoa.

"Umevuta nyuma?"

Nikasikia sindano ikirudishwa kwenye sufuria.

"Nimekuuliza. Umevuta nyuma?"

"Nafikiri nilivuta."

"Hapa hakuna kufikiri. Ulivuta au hukuvuta?"

"Sikumbuki. Nilivuta. Mama alikuwa anaongea."

Nikasema. Sikupaza sauti, nilisema nikitazama migomba: "Mjinga kama wewe siku moja atamuua mama yake mwenyewe, halafu watu waseme ni mimi."

Hakuna aliyecheka ndani. Nilisikia kuni zikipasuka. Nikasikia jirani akitoka kwa mlango wa mbele, akaniona, akapita bila kunisalimu. Nilingoja mke wangu aseme "sawa, daktari." Hakusema. Nikaenda zangu kumalizia kumfunga taniboi mkono.

Hakuvuta mguu. Jeraha lilifunga vizuri, na nikimwona leo kwa mbali anatembea vizuri kuliko mimi. Matibabu yalipokwisha mke wangu aliniambia atamsindikiza mama mpaka nyumbani. Niliona ni jambo la haki. Walikwenda kituoni asubuhi, mama mbele, yeye nyuma na fimbo ya mama mkononi. Nilimpa pamba na maelezo ya kubadilisha bandeji. Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Shemeji yangu alipita na baiskeli akaniambia bila kushuka, "Mzee, dada amesema anapumzika." Akakanyaga pedali.

Kwetu mke akirudi kwao, mume haendi peke yake kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nilimchukua baba yangu mdogo, mtu wa maneno mengi, tukaenda Bukhayo. Tulipokelewa kwa mjomba wa mke wangu, kwa sababu baba yake alikwishafariki. Wazee walikaa uani. Mke wangu aliitwa, akaketi chini kwenye mkeka kando ya shangazi yake. Mama mkwe alikuwa nyumba ya pili. Tulijua yupo, moshi ulikuwa ukitoka.

Mjomba wake ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa utaratibu wao.

"Mwanangu, huyu amekupiga?"

"Hapana."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine huko Malaba? Hao wanaokaa na madereva?"

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Chai."

Wazee wakacheka. Baba mdogo akanigonga goti, maana mambo yalikuwa yanatuendea vizuri.

"Basi amekukosea nini?"

Mke wangu alitafuta neno la Kiswahili, ili na sisi Wateso tusikie.

"Ananisahihisha," akasema.

Walicheka tena, na safari hii walicheka sana. Mzee mmoja alisema mwalimu wake naye alimsahihisha, na kwa kiboko, wala hakurudi kwa mama yake. Mwingine akasema kama kusahihisha ni kosa, basi kanisa lifungwe. Mke wangu alisubiri wamalize. Akasema:

"Muulizeni mama. Mama alisikia."

Kicheko kikakatika, kwa kuwa sasa alikuwa amesema jambo lisilowezekana. Mjomba akajikuna shingo. "Mama yako hawezi kuja kukaa hapa na mkwe wake," akasema.

"Basi mkwe atoke kidogo."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ningesimama nikaenda kutazama ng'ombe wao, mama mkwe angeingia, angewaambia alichosikia, na pengine wazee wale wangecheka vilevile. Au wasingecheka. Mjomba alinitazama, na nilijua ananingoja niamue mwenyewe. Baba mdogo alinitangulia.

"Mkwe hatolewi nje kama mbwa aliyeiba nyama," akasema. "Tumekuja mchana, tumekaa kwa heshima. Kama kuna kosa lisemwe mbele yetu. Kama halisemeki mbele yetu, halipo."

Mimi nilibaki kwenye kiti. Niliangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa safi. Desturi ile ile iliyonizuia kumtibu mama mkwe ilimfunga yeye mdomo, na mimi nilikuwa upande wa kufaidika. Mjomba akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema nampenda mke wangu na namtaka nyumbani. Ilikuwa kweli, na sijui kama niliwahi kumwambia mwenyewe kabla ya kuwaambia wazee wa Bukhayo.

Waliamua arudi. Tulipewa kuku. Mke wangu alikwenda kuaga nyumba ya pili, akakaa muda mrefu, akatoka na mzigo wake na uso mkavu. Njiani baba mdogo aliongea peke yake mpaka Malaba, akieleza jinsi alivyoshinda.

Hayo hayajawa ya zamani. Bado tunaishi nyumba ile ile, na ningetaka kuandika kwamba nimebadilika, lakini nikiandika hivyo nitakuwa mwongo kama wale madereva niliowadharau. Nilijaribu. Nilianza kuuma ulimi. Kisu kikibaki juu ya kiti nilikipita. Lakini visu havibaki tena juu ya viti. Yeye ndiye aliyebadilika, na hakubadilika nilivyotaka, ingawa ukimwangalia kwa macho ungesema ni hivyo hasa nilivyotaka. Hafanyi kitu bila kuniuliza. Ananiuliza dirisha lifunguliwe kiasi gani. Ananiuliza aseme nini jirani akibisha hodi. Haongei kwa hasira, na mbele ya watu huonekana mke mwenye adabu kubwa. Rafiki zangu wanaofanya kazi forodhani hunionea wivu.

Wagonjwa bado wananivulia mashati na kuniambia siri zao, na wanawake wengine huniuliza shauri la ndoa, kwa kuwa daktari ni mtu wa kuaminika. Nawaambia waongee na waume zao. Nasema hivyo kwa sauti ya upole.

Jana mchana nilikuja kula, nikamkuta amesimama juu ya sufuria ya mboga, kijiko mkononi, hajakitumia.

"Chumvi kiasi gani, daktari?"

"Weka unavyoona."

"Mimi sioni," akasema. "Sema wewe."

Nikasubiri aweke. Hakuweka. Mboga ilianza kushika chini, harufu ikatoka, naye hakuigusa, kwa kuwa sikuwa nimemwambia akoroge.

"Kijiko kimoja," nikasema.

Akachota kimoja, akakisawazisha kwa kidole, kisha akanionyesha kabla ya kukitia.